Superman na Ben Grimm: nani amefanana zaidi na mtunzi wake?

Superman, shujaa wa vitabu vya katuni, alizaliwa Cleveland, Marekani, mikononi mwa vijana wawili wa familia za Wayahudi wahamiaji: Jerry Siegel akiandika, Joe Shuster akichora. Clark Kent, mwandishi wa habari mpole mwenye miwani ambaye Superman hujificha ndani yake, ndiye wao. Yule anayepaa ndiye waliyetamani kuwa. Mwaka 1932 baba yake Siegel alifariki baada ya kuvamiwa na wezi dukani kwake. Kila nikiona risasi zikidunda kifuani pa Superman, namkumbuka mzee huyo. Na inaniuma kwamba mwaka 1938 vijana hao waliachia haki zote za mhusika wao kwa dola 130.

Ben Grimm wa Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne wa katuni, ni jitu la mawe ya rangi ya chungwa. Alitokea mwaka 1961, Stan Lee akiandika na Jack Kirby akichora. Huyu hakutokana na ndoto. Jina lake kamili ni Benjamin Jacob Grimm: Benjamin ni jina la baba yake Kirby, na Jacob ndilo Kirby alilozaliwa nalo. Mtaa wake wa Yancy unakumbusha Delancey, New York, jirani na alikokulia Kirby akipigana ngumi na magenge ya watoto. Hata sigara nene mdomoni ni ya Kirby.

Kwangu, Ben ndiye damu hasa ya mtunzi wake. Siegel na Shuster walichora walichokikosa. Kirby alijichora mwenyewe, makovu na yote.