Uzoefu wangu: Ligi ya boche ya Martinez, California

Waswahili wengi tunaoishi kaskazini mwa California tunaulizana kila mara wapi pa kukutana na watu ukiacha kazini na kwenye ibada. Mimi jibu langu ni boche, na hasa ligi ya Martinez, mji mdogo ulio kando ya mlango wa bahari wa Carquinez. Nimeicheza misimu kadhaa, ada natoa mfukoni mwangu, na nitaendelea kuitoa.

Kwa asiyeujua mchezo: kuna matufe manane, manne kwa kila timu, na kipira kidogo kiitwacho palino. Palino inatangulia, kisha kila timu inavingirisha matufe yake yaisogelee. Timu iliyo mbali ndiyo inayoendelea mpaka iwapiku wenzao au iishiwe. Raundi ikiisha, timu moja tu ndiyo inapata pointi. Sisi tunacheza hadi 12. Hakuna kukimbia. Kijana wa miaka ishirini na bibi wa themanini wanasimama kwenye mstari mmoja, na mara nyingi bibi ndiye anayeshinda.

Kilichonivuta kwanza ni ardhi yenyewe. Viwanja vingi vya huku hutandazwa maganda ya chaza yaliyosagwa, yakashindiliwa mpaka yakawa laini na magumu. Tufe likipita huacha alama nyembamba, na mchezaji mzoefu huisoma alama hiyo kabla hajarusha: hapa panainama kushoto, pale tufe linachelewa. Mimi mtu wa Kilifi, maganda ya chaza nayajua, ila sikuwahi kuwaza kuwa yangenifunza uvumilivu.

Mchezo ulifika huku pamoja na Waitaliano. Wavuvi kutoka Sisilia waliweka makao Martinez, na mmoja wao ndiye baba wa Joe DiMaggio, yule nyota wa besiboli aliyezaliwa hapa mwaka 1914 kabla familia haijahamia San Francisco. Wazee wa timu yetu bado wanasimulia habari za nyavu na mashua za babu zao, nami nachangia za kwetu.

Sasa nije kwenye kile ninachokilipia hasa: habari. Ukikaa kwenye meza zilizo kando ya uwanja ni kama uko barazani watu wanacheza bao: wachezaji wachache, wasemaji wengi. Hapo ndipo unapojua timu gani ya Jumatatu imefungwa, nani amefanyiwa upasuaji wa goti, mtoto wa nani amepata chuo, kapteni yupi amepungukiwa na mtu wiki ijayo. Wengine wanakuja na mvinyo, mimi nakuja na chai ya tangawizi kwenye chupa, na siku hizi nisipoleta mahamri naulizwa.

Mama yangu alipofariki nilimwambia kapteni peke yake kwamba nasafiri kwenda kumzika. Niliporudi nilikuta zamu zangu zimeshikwa na wenzangu, kuna bahasha ya rambirambi yenye majina ya watu wa timu tatu, zikiwemo mbili tulizokuwa tunagombania nazo nafasi ya juu. Mzee mmoja akaniketisha akataka nimweleze mama alikuwa mtu wa namna gani. Jioni ile sikurusha hata tufe moja, na hakuna aliyenihimiza.

Ubishi upo, na ni wa sentimita. Matufe mawili yakiwa yamebanana karibu na palino, macho hayatoshi. Anaitwa mwenye futi. Anapiga magoti, anaweka ncha ya futi kwenye palino bila kuitikisa, watu wote kimya, kisha anainua vidole kuonyesha pointi ngapi na za nani. Akishasema, imekwisha. Ninaipenda sana heshima hiyo.

Kuhusu vifaa: usikimbilie kununua. Niliagiza seti ya bei nafuu kwenye duka moja la mtandaoni. Tufe moja lilimeguka mapema, na palino ilikuwa nyepesi mno, upepo ukiisukuma. Matufe ya kawaida ya ligi ni ya resini, upana wa milimita 107 hivi na uzito wa gramu 920 hivi, na mkono unahisi tofauti mara moja. Kapteni wetu huja na seti ya timu.

Niliwahi pia kulipia klabu ya ndani kwenye mji mwingine. Zulia safi, taa nzuri, saa yenu ikiisha mnapisha wengine. Nilitoka bila kujua jina la mtu hata mmoja, na sikurudi.

Wasomaji wa Komoro pengine mnaijua petanki, ndugu wa mchezo huu, ambayo Madagaska walitwaa ubingwa wake wa dunia mwaka 1999. Ile matufe ni ya chuma na miguu haiondoki mahali pake. Mkono wenu utazoea boche haraka.

Martinez jioni pana upepo mkali wa majini hata kiangazi, kwa hiyo beba koti zito, na treni zikipita lazima mnyamaze kidogo. Kama uko peke yako, usingoje kuunda timu. Nenda viwanjani jioni ya siku ya kazi msimu ukiwa umeanza, uulize kapteni yupi anahitaji mchezaji wa akiba. Timu yetu inacheza Jumatano na inatafuta wawili. Nitafurahi mno mmoja wao akiwa wa kuongea naye Kiswahili.