Bango la "HATARI: BOMU" la mafundi wa Majengo, Dodoma: bati zuri, maneno mabovu

Seti ina vibao vinne vya pembetatu, sentimita 30 kwa 25, na roli moja ya utepe. Kwa ukubwa vimepita: Itifaki ya mabomu ya ardhini iliyorekebishwa mwaka 1996 inataka pembetatu isiyopungua sentimita 28 kwa 20, nyekundu au ya rangi ya chungwa, yenye ukingo wa njano unaoakisi mwanga. Ukingo upo, fuvu lipo. Fundi pia ametoboa bati matundu makusudi ili lisifae paani wala jikoni. Hapo kafikiri.

Tatizo ni maandishi. Mbele na nyuma pameandikwa "USIVUKE BANGO HILI". Mchunga mbuzi aliyeingia kwa nyuma bila kujua, akitii, haruhusiwi kutoka! Agizo lile lile linamwokoa wa nje na kumfungia wa ndani. Pande mbili hutenganishwa vizuri zaidi kwa mawe yaliyopakwa rangi nusu kwa nusu: nyekundu itazame hatari, nyeupe itazame salama. Anayeona nyekundu ajue yumo ndani, asimame, arudi kwa nyayo zake mwenyewe. (Uso wa bango ni mwekundu kwa wa nje, wanakijiji waelezwe tofauti hiyo mapema.)

Chini kuna "PASIPO BANGO NI SALAMA". Huo ni uongo. Penye bango pana hatari, sawa, lakini haifuati kwamba pasipo bango hapana. Ni kama mvua: ikinyesha udongo hulowa. Isiponyesha, bado huenda umelowa kwa bomba la maji lililopasuka. Futeni mstari huo.

Tena herufi zenyewe ni za sentimita mbili, kwa hiyo kibao kinakataza kusogea na hakisomeki mpaka usogee. Fuvu ndilo linalookoa, maana huonekana mbali na halihitaji kisomo.

Utepe ni wa muda tu. Jua la Dodoma huukausha, upepo wa kiangazi huukata, na kipande kilichobaki hakionyeshi tena mpaka uko wapi.

Vibao hivi ni vya serikali ya kijiji na wataalamu. Aliyeona kitu asikizunguke wala kupigilia nguzo karibu nacho. Aweke mawe au matawi njiani pale pale aliposimama, arudi alikotoka, na akishafika mbali ndipo apige 112.

Ukiagiza, mwambie fundi aache nyuma tupu na mbele abakize fuvu na "HATARI: BOMU", herufi zijaze bati.