Zoom H1n: kirekoda nilichobaki nacho kwenye filamu yetu ya chuo

Kwenye filamu yetu ya mwaka wa mwisho mi niliangukia sauti, sio kwamba niliomba, wenzangu walishagawana udairekta, kamera na kuediti nikabaki na hiki kidude cha kukodi, Zoom H1n. Kiukweli niliumia. Jana nimeiangalia tena ile filamu, ni dakika 12 tu, nikaona niandike maana kuna mtu atapewa kazi hii na atadhani ni ya kushika tu.

Chenyewe kinaenea kiganjani, kinakula betri mbili zile nyembamba za rimoti, kadi ni kama ya simu mwisho GB 32, na kinarekodi WAV ya biti 24, yaani faili la sauti lisilobanwa. Tundu la maiki ni lile dogo kama la iafoni, kwa hiyo ukija na maiki kubwa ya XLR (ile ya plagi nene ya pini tatu) haingii hivi hivi. Gurudumu la kupandisha na kushusha sauti liko mbele, unalizungusha kwa kidole gumba huku unasikiliza, hapo nimepapenda sana.

Sasa siku ya kwanza tulishuti jikoni kwa mama mmoja Temeke, sini ya mama na binti wanagombana kwa sauti ya chini usiku. Nikakiweka juu ya kabati karibu na friji, nikaona vimstari vinacheza kwenye skrini nikaridhika, hedfoni ziko shingoni. Tunakuja kusikiliza baadaye, friji inanguruma mwanzo mwisho. Na yule dada siku ile alilia kweli, sauti ikamkatikia katikati ya neno "mama", aisee. Kirekoda hakina kosa hata kidogo, kilichukua kilichokuwepo, mimi ndo sikusikiliza. Tulimwomba arudie wiki iliyofuata akarudia vizuri tu ila lile neno halikutoka tena vile.

Toka hapo hedfoni sikuvua. Friji nazima, afu naweka funguo zangu za geto humo ndani ili nisiondoke nikasahau kuiwasha nikawaozeshea watu nyama. Kabla hatujahama sehemu nawaambia wote nyamazeni, narekodi kimya cha hapo sekunde 30, kinasaidia sana kuziba mapengo kwenye kuediti. Kila teki naanza na kofi moja mbele ya kamera ili picha na sauti viunganishwe. Kukishika mkononi usithubutu, vidole vyote vinasikika, nyuma kina tundu la skrubu ya stendi ya kamera, tumia hilo. Na kwenye pantoni ya Kigamboni bila lile sponji la manyoya ungesikia upepo tu, na linauzwa peke yake.

Kwa filamu ya wanafunzi mi nakipa nyota 4 kati ya 5. Ukienda kukodi omba na manyoya, betri za akiba, na hedfoni za kufunika masikio yote, na uzivae kabla dairekta hajasema akshen.