Lissodus au Rhomphaiodon? Usichanganye haya meno

Yani haya mawili, meno ya aina mbili za papa wa kale, yanasumbua watu sana, yote yapo kwenye tabaka la mifupa la Aust Cliff kule Uingereza, mwisho wa kipindi cha Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na ni madogo mno, milimita chache tu, bila lenzi huoni kitu. Rhomphaiodon minor ana ncha ndefu katikati na vincha pembeni, mistari inashuka toka juu, hilo jino la kudaka samaki. Lissodus minimus sasa, limelala chini, refu kama kijimtumbwi, ubavuni katikati kuna kinundu kimechomoza, kazi yake kuponda vyenye ganda gumu. Mi huwa naanza na kinundu, maana mzizi mara nyingi umeshakatika.