Tahadhari kwa wanunuzi wa sarafu za fedha za Mwaka wa Joka

Ndugu wakusanyaji wa sarafu,

Ninawatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza katika mitandao ya kijamii sarafu za madini ya fedha zenye wanyama wa kalenda ya Kichina, akidai kwamba zimetengenezwa na Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia. Mwezi uliopita nilinunua kwake sarafu nne za Joka la 2012, kila moja ikiuzwa kuwa ya aunsi moja, na zote nne ni bandia.

Nilizilipia kwa simu kabla ya kuuona mzigo. Zilipofika hapa Mombasa sikuona kasoro kwa macho: joka limechorwa vizuri, sura ya Malkia Elizabeth wa Pili iko upande wa pili, na kipenyo cha milimita 45.6 ndicho hasa cha aunsi moja katika mfululizo wa pili wa sarafu hizo za wanyama za Perth Mint, uliotolewa kuanzia 2008 hadi 2019. Kilichonitia shaka ni wepesi wake mkononi. Nilimpelekea sonara ninayemwamini, akazipima moja baada ya nyingine, na hakuna iliyozidi gramu 27, ilhali aunsi ya kupimia madini ya thamani ni gramu 31.1.

Sonara huyo alinionyesha pia kipimo ambacho kila mmoja wenu anaweza kukifanya nyumbani akiwa na mizani nyepesi ya kidijitali. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba inayosomeka. Fedha safi hutoa takriban 10.5, sarafu yangu ya gramu 27 ilisoma gramu 3.1, yaani 8.7, ambayo iko karibu na shaba na michanganyiko yake. Bila shaka ni metali ya bei rahisi iliyopakwa fedha juu.

Naomba msitulizwe na video ya sumaku ambayo muuzaji huyu humtumia kila anayeuliza maswali. Ni kweli kwamba fedha hainaswi na sumaku, lakini shaba nayo hainaswi, kwa hiyo video ile inaonyesha tu kwamba sarafu si ya chuma kinachonaswa na sumaku. Vilevile kila sarafu aliyonitumia iliambatana na cheti kilichopigwa muhuri, nami nikakichukulia kuwa ushahidi, kumbe sarafu za kawaida za uwekezaji za kiwanda hicho hutoka katika kasha la plastiki angavu bila cheti. Vyeti huambatana na zile za toleo maalumu linalong'arishwa kama kioo.

Kuna dalili nyingine iliyokuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, nayo inaniuma kuliko zote. Tangazo lake linauza seti kamili ya wanyama 12 wa mfululizo wa tatu kwa bei iliyo chini ya thamani ya madini yenyewe. Mfululizo huo ulianza na Panya wa 2020 na utamalizika kwa Nguruwe wa 2031, kwa hiyo seti kamili haipo bado kwa mtu yeyote duniani.

Nilipomtumia picha za mizani alijibu kwamba mizani yangu ni mbovu, nilipodai kurejeshewa pesa zangu akanizuia, na siku chache baadaye tangazo likarudi kwa jina jingine. Picha ni ile ile: sarafu ya Joka juu ya kitambaa chekundu, ikiwa na mkwaruzo mfupi chini ya tarakimu za mwaka. Mkiiona, msitume malipo, na aliyekwisha kununua asitupe bahasha wala ujumbe wa malipo, kwa sababu polisi waliopokea taarifa yangu walivihitaji vyote viwili.