Kishikwambi Kipi Kinaonyesha Rangi Halisi za Picha? iPad, iPad Pro na Galaxy Tab S9

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina vishikwambi vitatu: iPad ya kawaida yenye chipu ya A16, iPad Pro ya M4 iliyotoka 2024, na Galaxy Tab S9 ya Samsung. Mambo ya betri na magemu tuyaache kwa leo. Naongelea rangi tu, kwa sababu wapiga picha za harusi, wapambaji na wauza vitenge wa mtandaoni, wateja wenu wanachagulia kwenye hivi vioo. Na rangi aliyoiona mteja kwenye kioo ndiyo atakayoidai mzigo ukimfikia.

Jambo moja kabla sijaendelea: usiamue kwa kuangalia video hii. Kamera yangu ina rangi zake, na simu uliyoshika ina zake. Nitakusimulia ninachokiona hapa.

Nimefungua picha ileile kwenye vyote vitatu. Dada amevaa kitenge chekundu, nyuma yake migomba. Picha imepigwa kwa iPhone. Tuanze na Tab S9. Ikiwa kwenye hali ya rangi kali, ile ya Vivid, kioo kinavutia kweli. Lakini tazama uso wa dada: weusi wake wa kahawia umekuwa kama umepakwa rangi ya chungwa, na migomba imekuwa kijani ambacho shambani hukioni. Sasa naingia Settings, Display, Screen mode, nagusa Natural. Umeona? Ngozi imerudi kuwa ngozi. Mtu aliyezoea ile hali ya kwanza atasema kioo kimepauka. Kipe macho yako muda kidogo, yatazoea.

Kwa nini inakuwa hivi? Ndani ya faili hakuna rangi, kuna namba. Nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukiambiwa nyekundu ni 255, ni kama kuambiwa weka kikombe kimoja cha sukari bila kujua kikombe chenyewe ni kikubwa kiasi gani. Kioo chenye rangi pana kikipewa 255 kinatoa nyekundu kali kuliko kioo cha kawaida. Ndiyo maana picha hubeba lebo, yaani profaili ya rangi, inayosema namba hizi ni za mfumo gani. sRGB ndiyo ya zamani, ilitoka 1996 kwa HP na Microsoft, na hadi leo picha nyingi za mtandaoni ni zake. Display P3 ya Apple ni pana zaidi kwa takriban robo, hasa kwenye nyekundu na kijani. Kazi ya kishikwambi ni kuisoma hiyo lebo na kutafsiri namba zilingane na kioo chake. Kwa hiyo muuzaji akikusifia upana wa rangi peke yake, bado hajakwambia kama rangi ni sahihi.

Upande wa Apple, iPad ya kwanza kuwa na P3 ni Pro ya inchi 9.7 ya 2016. iPad hii ya kawaida bado ni sRGB. Naivuta picha hadi kwenye bega la dada. Kwenye Pro, nyekundu ya kitenge ina mikunjo, kivuli kinaonekana, hadi msuko wa uzi. Kwenye iPad ya kawaida sehemu ileile imekuwa kama doa moja jekundu, kwa sababu picha hii ya iPhone ina lebo ya P3, na nyekundu zilizozidi uwezo wa kioo zimebanwa zote pamoja. Uso wa dada, lakini, unafanana kabisa kwenye zote mbili. Rangi za ngozi zinaenea vizuri ndani ya sRGB.

Pro ina kitu kingine ninachokipenda sana, Reference Mode. Ukiiwasha, weupe wa kioo unakaa kwenye kipimo kimoja, D65, yaani weupe wa mwanga wa mchana, na True Tone (inayobadilisha weupe kufuata mwanga wa chumba), Night Shift (inayotia kioo unjano usiku) na mwanga wa kujirekebisha vyote vinazimwa. Mwanga wa picha za kawaida unashuka hadi niti 100 (niti ni kipimo cha ung'aavu wa kioo), kwa hiyo itumie ndani, mbali na dirisha. Kama huna Pro, zima mwenyewe True Tone na Night Shift kabla mteja hajakaa. Night Shift ikiwaka jioni, shela jeupe la bibi harusi linageuka la maziwa, na hapo ubishi umeanza.

Wenye kamera kubwa, angalieni menyu yenu. Ikiwa kwenye Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi pana kuliko sRGB, na lebo ikapotea njiani, kishikwambi kitazisoma namba kama sRGB na picha itafifia, kijani ndiyo kitaumia zaidi. Kama kazi zako zinaishia mtandaoni, toa faili za sRGB zenye lebo.

Uamuzi wangu: kama unaonyesha picha za harusi zilizokwisha kuhaririwa kwa sRGB, iPad ya kawaida inakutosha, hela inayobaki nunua lenzi. Tab S9 ni nzuri sana ukiiweka Natural. Pro mnunulie anayehariri video za HDR, zile zenye mwanga mkali na vivuli vizito kwa pamoja, au anayeuza vitambaa vya rangi kali. Ukienda dukani, beba picha ya kitambaa chako pamoja na kipande cha kitambaa chenyewe, uviweke ubavuni mwa kioo kabla hujatoa pesa.