Ripoti za chipukizi nitaendelea kuzilipia, kikokotoo chao cha mabadilishano sikiamini

Huu ni msimu wa tatu nalipia huduma ya tathmini ya chipukizi wa besiboli, dola 72 kwa mwaka. Kila Februari pesa inapokatwa kwenye kadi, mke wangu huniuliza kama bado naihitaji, nami humjibu ndiyo bila kueleza. Safari hii naeleza. Jina la huduma silitaji, kwa sababu hapa chini nina lalamiko ambalo wenyewe hawajapata nafasi ya kulijibu.

Aliyezoea tetesi za usajili wa soka abadili jambo moja kichwani kabla ya kuendelea. Kwenye Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, yenye timu 30, klabu hainunui mchezaji kwa kitita cha mamilioni halafu ikaondoka naye. Ni mtu kwa mtu. Unamtaka nyota wa timu inayosuasua? Toa vijana wako watatu au wanne walioko timu za chini, naye aje na mkataba wake kama ulivyo. Kijana ana thamani kwa sababu ya kanuni: akishapanda ligi kuu, klabu inammiliki kwa miaka sita ya utumishi kabla hajawa huru, na miaka ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Akigeuka nyota katika miaka hiyo, klabu imepata kazi ya makumi ya mamilioni kwa chini ya milioni moja. Ndiyo maana bei ya mchezaji mkubwa hutajwa kwa chipukizi, na ndiyo maana kuna watu kama mimi wanaolipa kujua chipukizi gani ni dhahabu na gani ni shaba iliyosuguliwa.

Huduma ina sehemu mbili: ripoti za maskauti, yaani watu wanaokwenda kuwatazama vijana wakicheza na kuwapima, na kikokotoo ambamo unaweka majina upande huu na upande ule kikakuambia kama mabadilishano yanalingana.

Ripoti ni kazi ya watu wanaojua wanachotazama. Wanatumia kipimo cha maskauti cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, 60 ni mzuri waziwazi, na 80 ni kitu unachokiona kwa wachezaji wachache sana. Mpigaji hupewa alama tano: kuugusa mpira, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Kila alama ni mbili kwa kweli, ya leo na ya kesho, hivyo kijana wa miaka 18 anaweza kuandikwa 30/55 kwenye nguvu, na ukajua mara moja kwamba hiyo 55 bado ni ahadi. Mpaka hapo huduma nyingi ziko sawa. Hii ninayolipia inazidi kwa jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri namna hii kwingine: chini ya kila ripoti wameandika skauti alimwona kijana lini, mechi ngapi, na dhidi ya warushaji wa aina gani. Unakuta imeandikwa mechi nne, mwezi Mei, warushaji watatu wa mkono wa kulia na mmoja wa kushoto. Hapo unajua uipe alama ile uzito gani. Na maskauti wawili wakitofautiana, hawachukui wastani wakakupa namba ya katikati. Wanachapisha zote mbili, kila mmoja na sababu zake. Mabishano hayo ndiyo nasoma kwanza.

Nilivyoanza kuziamini nakumbuka vizuri. Naishi Rochester, jimbo la New York, na timu ya hapa ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, iko chini ya Washington Nationals. Majira ya kuchipua ya mwaka 2024 alikuwepo James Wood, mmoja wa vijana ambao Washington waliwapata Agosti 2, 2022 walipomtoa nyota wao Juan Soto kwenda San Diego. Nikaenda na kijana wangu, tukakaa nyuma ya wavu upande wa mdakaji. Baridi ilikuwa inauma. Ripoti nilikuwa nayo kwenye simu: nguvu karibu na kilele cha kipimo, lakini mipira mingi anaipiga chini badala ya kuiinua, na mikono mirefu namna ile itamfanya akosekose.

Wood ana futi sita na inchi saba. Akisimama kwenye kisanduku cha mpigaji, mdakaji nyuma yake anaonekana kama mtoto aliyechuchumaa. Mara yake ya pili akaupiga mpira chini, moja kwa moja kwa mlinzi wa besi ya pili. Kwenye karatasi ni mpigaji ametolewa, basi. Lakini mlinzi hakupata muda wa kupanga miguu. Mpira ulimfikia kifuani, akaukumbatia, ukamtoka, akauokota na kurusha besi ya kwanza. Mlio wa gongo tulikokaa ulikuwa mkavu na mfupi, kama ubao mnene uliovunjwa kwa goti. Watu wakaguna kwa pamoja.

"Baba, si ametolewa? Mbona watu wanashangaa?"

"Wameusikia mlio, mwanangu. Ngoja aupige mwingine uusikilize vizuri."

Jioni ile nilisoma tena ripoti na kila neno lilikuwa pale uwanjani: nguvu, mpira wa chini, mikono mirefu. Julai 1 akapandishwa. Mwaka 2025, msimu wake kamili wa kwanza, alipiga homurani, yaani mpira unaovuka uzio wa uwanja, zaidi ya 30, akaitwa kwenye mechi ya nyota, na akatolewa kwa straiki tatu, bila kuupiga mpira, zaidi ya mara 200. Sifa na kasoro vyote viwili viliandikwa mapema, na kwa hilo dola 72 zangu zilikuwa zimerudi.

Sasa kikokotoo.

Wazo lake ni jepesi. Kila mchezaji amepewa thamani ya pointi, unazijumlisha kila upande, tofauti ikiwa ndogo kinawasha kijani. Julai, siku ya mwisho ya mabadilishano inapokaribia, utaona watu wakituma picha za kijani hizo kana kwamba ni habari zilizothibitishwa. Nimekitumia sana na kwa nia njema, na shida yake ni kwamba kinajumlisha watu kama mtu anayejumlisha sarafu. Nilijaribu kuweka vijana sita wa pointi ndogondogo kwa mrushaji mmoja namba moja wa timu. Kijani! Hakuna meneja mkuu atakayeipokea simu hiyo. Timu ina nafasi 26 kwenye kikosi cha ligi kuu na 40 kwenye orodha pana, na kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini ya hapo asipoingizwa kwenye hiyo 40 baada ya misimu mitano, timu nyingine inaweza kumchukua kwenye mchujo wa Desemba unaoitwa Rule 5. Vijana sita wa wastani ni mzigo wa viti sita. Kikokotoo hakihesabu viti.

Tazama mabadilishano yenyewe yanavyokuwa. Desemba 2024 Chicago White Sox, waliotoka kupoteza mechi 121, walimtoa mrushaji wao Garrett Crochet kwenda Boston wakapata chipukizi wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Wakati ule kila mtu alijua Boston wana Roman Anthony, Marcelo Mayer na Kristian Campbell juu kabisa ya orodha ya chipukizi wao, na hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyetoka. Mimi nilikuwa nimeweka Mayer kwenye kikokotoo wiki nzima, kikiniambia bila yeye hailingani. White Sox walitaka mdakaji, wakampata Teel. Montgomery walimchukua akiwa hajacheza hata mechi moja ya kulipwa, kwa sababu alivunjika kifundo cha mguu akiwa chuo. Boston nao walikuwa na haraka ya mrushaji wa kushika usukani, mwenye miaka miwili iliyobaki kabla hajawa huru. Uhitaji, haraka na afya ndivyo vilivyopanga bei. Crochet akaenda kuongoza ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa kuwatoa wapigaji kwa straiki mara 255 mwaka 2025, na kabla ya hapo alishasaini nyongeza ya miaka sita kwa dola milioni 170.

Kibaya zaidi ni vijana wa mbali. Kikokotoo kinampa mvulana wa miaka 16 au 17 pointi chache sana, na siwalaumu kwa kuwa makini, maana wengi wao hawafiki popote. Lakini kinampa kila mmoja pointi zilezile chache, kana kwamba hakuna cha kutofautisha. Juni 2016 San Diego walimtoa mrushaji mkongwe James Shields, wakalipa na sehemu kubwa ya mshahara wake, wakachukua kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa hajacheza mechi hata moja ya kulipwa. Huyo ni Fernando Tatis Jr., na mwaka 2021 alipiga homurani 42. Miezi miwili baadaye Los Angeles Dodgers walimtoa kijana wa Kikuba, ambaye alikuwa hajawachezea hata mechi moja, kwa ajili ya mrushaji wa akiba wa Houston anayeitwa Josh Fields. Kijana ni Yordan Alvarez, na Houston hawajajuta hata siku moja. Waliowapata Tatis na Alvarez walikuwa na watu wao waliokwenda kukaa pembeni ya uwanja wa mazoezi na kutazama. Huduma hii ina watu wa aina hiyo! Wanaandika ripoti nzuri juu ya wavulana walewale, halafu kikokotoo kwenye ukurasa wa pili hakiisomi. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa wanayo mkononi.

Lalamiko langu lenyewe ni hili. Tuna ligi yetu ya kubuni (fantasy), watu 12, kila mmoja anamiliki kwenye karatasi wachezaji na chipukizi halisi mwaka hadi mwaka. Msimu uliopita nilimtoa mpigaji niliyekaa naye miaka miwili ili nimpate mrushaji wa Double-A, ngazi moja chini ya Triple-A, ambaye huduma ilimpa thamani kubwa: mpira wa kasi wa maili 98 kwa saa, slaida (mpira unaokata kwenda pembeni) ya 60. Nilikagua ukurasa wake usiku ule kabla ya kukubali. Siku mbili baadaye mwenzangu akanitumia ujumbe kuuliza kama nilijua kwamba kijana alishafanyiwa upasuaji wa kiwiko, ule wa Tommy John, siku 19 kabla. Habari ilikuwa imetangazwa na timu yake wazi. Upasuaji ule humweka mrushaji nje mwaka mmoja na zaidi. Ukurasa wa huduma haukuwa na neno. Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba ripoti husasishwa kwa ratiba. Ratiba gani hiyo inayoacha kiwiko kilichopasuliwa kikae siku 19 na pointi zake zote? Makosa ya tathmini nawasamehe, kila skauti hukosea. Hili ni suala la kusoma taarifa ya timu na kubadili mstari mmoja.

Mambo madogo: video zao zinapigwa kutoka pembeni na kutoka nyuma ya mdakaji, safi, na unaweza kuzipunguza kasi ukaona mkono wa mrushaji unavyobadilika anapotupa mpira wa kupinda. Kutafuta jina ni rahisi. Programu ya simu ni nzito, mimi hutumia kivinjari.

Nani alipie? Kama unataka kuelewa mchezo wa vijana, kwenda uwanjani ukiwa unajua uangalie nini, lipia, na anza na kurasa ambazo maskauti wawili wanabishana. Kama unatafuta tetesi za Julai, usilipe. Fungua ripoti ya timu inayouza, angalia inakosa nani na mkataba wa nyota wao unaisha lini, kisha fungua ripoti ya timu inayonunua uone wana vijana wangapi wa nafasi moja. Boston wakati ule wa Crochet walikuwa na vijana wanaolinda eneo la besi wengi kuliko viti. Hayo yote yalikuwa kwenye ripoti, nilikuwa nayo, na badala ya kuyasoma nilikuwa naburuta jina la Mayer kulia na kushoto nikingoja kijani.

Februari kadi itakatwa tena. Nimewaandikia mara ya pili kuomba tarehe ya jeraha iwekwe juu ya kila ukurasa, karibu na jina. Wakijibu nitaongeza hapa chini.